Kuusikiliza Muziki wa Lubiri

Litajwapo neno "muziki mkuu wa kale", fikira za wengi wetu huvuka bahari na kutua kwa Bach na Beethoven. Hatuna ugomvi na mabwana hao. Lakini sisi tunaofundisha Bwizibwera, safari ya siku moja kwa basi kutoka Mengo, hatuna budi kuuliza kwa nini mwanafunzi wetu hulijua jina la Beethoven kabla hajaisikia amadinda hata mara moja.

Si kwamba kazi hizo hazipatikani. Hugh Tracey alizinasa mwaka 1950 na 1952, na baadaye nyimbo za majumba ya kifalme ya Buganda, Bunyoro na Ankole zikakusanywa katika sahani moja. Tunamshukuru kwa hazina hiyo. Hata hivyo, msikilizaji mgeni huachwa mlangoni: hupewa jina la ala na jina la kabila, kisha hutupwa katikati ya mvumo wa mapigo yapatayo 500 kwa dakika, na kabla sikio halijatulia wimbo umekwisha. Watangazaji nao huusifu "muziki wa kifalme" kwa maneno matamu, wakaupiga nusu dakika, wakausukuma kando kupisha habari. Sifa za namna hii humfunza mtu kuheshimu kitu asichokisikia, na heshima hiyo haidumu.

Kwa maoni yetu, mlango wa muziki huu umo katika namna unavyopigwa. Vipande 12 vya mti hulazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Wapigaji wawili huketi wakikabiliana. Wa kwanza, omunazi, hupiga mfuatano wake kwa mwendo sawa usiobadilika. Wa pili, omwawuzi, hutia mapigo yake katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake, kama vidole vya mikono miwili vinavyopishana. Wa tatu, omukoonezi, ana vipande viwili tu vya juu. Husikiliza na kuzirudia huko zile sauti mbili za chini kabisa zilizomo katika kazi ya wenzake. Hapo ndipo hutokea ajabu yenyewe: sikio husikia tuni ambayo hakuna hata mmoja kati yao anayeipiga. Gerhard Kubik, aliyejifunza ala hii kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa Kabaka, aliiandika habari hiyo mwaka 1962, na hadi leo wataalamu wanaijadili.

Basi mwalimu na aanze polepole. Wanafunzi watatu, madawati mawili na vijiti vinatosha. Wapige kwanza omunazi peke yake mpaka darasa limkariri, ndipo aingie omwawuzi. Baada ya hapo sahani ipigwe, wimbo kama Olutalo olw'e Nsinsi, na kila mwanafunzi aambiwe amfuate mpigaji mmoja tu, kisha auache wimbo umzunguke. Tumeona waliokuwa wakisema "kelele" wakiomba urudiwe.

Katika madarasa yetu wamo pia vijana waliotoka Nakivale, wa asili ya Kongo, Burundi na Rwanda, na kwao liko somo jingine zuri la lugha. Ennanga ya Kiganda ni kinubi cha upinde chenye nyuzi 8. Enanga ya Ankole, sawa na inanga ya Rwanda na ile ya Burundi ambayo mwimbaji huiimbia kwa kunong'ona, ni ubao uliochongwa kama mvungu na kutandikwa nyuzi juu yake. Jina ni moja, ala ni mbili. (Mswahili wa pwani, akisikia "nanga", huitafuta meli.) Mtoto wa Burundi asikiapo neno la nyumbani kwao katika muziki wa Mengo, haketi tena kama mgeni.

Tunayasema haya kwa haraka kidogo, na sababu ipo. Tarehe 24 Mei 1966 Lubiri ilishambuliwa na wapigaji wakatawanyika. Mwaka 1967 falme zikafutwa. Ya Buganda ilirejeshwa mwaka 1993, mwaka ule ule aliofariki Muyinda. Ya Ankole haikurejeshwa. Muyinda alikuwa amekwisha kuwafundisha wengi, wenyeji na wageni, katika Jumba la Makumbusho la Uganda, kwa njia hii hii: mkono mmoja kwanza, halafu wa mwenzake.