Mafuta Yapi, na Kizibo Kipi? Uhakiki wa Sura Moja ya Mwongozo wa Pikipiki

Katika kazi ya kutayarisha istilahi, mara nyingi tunajisahau tukadhani kwamba neno hukamilika linapochapwa katika orodha. Neno halikamiliki hapo. Istilahi ya ufundi hukamilika siku mtu aliyeshika spana anapolisoma, na mkono wake ukaenda mahali panapostahili. Kwa kipimo hicho napenda kuihakiki sura moja ya kijitabu cha mafunzo kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza, ambacho kililetwa mezani kwangu ili nikitolee maoni kabla hakijapigwa chapa upya. Sura hiyo yahusu namna ya kutambua na kuzuia uvujaji wa oili katika pikipiki iliyokwisha kutumika.

Jambo lenyewe si dogo. Tangu 2010, kanuni za leseni za usafirishaji zilipozitambua pikipiki kuwa vyombo vya kubeba abiria nchini Tanzania, vijana wengi wamepata riziki kwa chombo hiki, na wengi wao hukinunua mkononi mwa mtu. Injini ya kawaida ya pikipiki hizo, yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 125 hadi 150, huchukua takriban lita 1 tu ya oili. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba; hapa haba na haba hukimaliza kibaba. Oili ikipungua mno, vyuma husagana, joto hupanda, na injini hunoki. Mwenye chombo hubaki na deni asilokuwa na njia ya kulilipa.

Yafaa tuanze kwa kumpa mtafsiri haki yake. Sentensi zake ni fupi, hatua zimepangwa kwa utaratibu, na hakuwachosha wasomaji kwa maneno ya fahari. Hata hivyo, sura hii ina dosari nne, na kila moja yaweza kumgharimu msomaji.

Dosari ya kwanza imo katika neno mafuta. Kijitabu chasema: “Ukiona matone ya mafuta chini ya pikipiki, waweza kuendelea na safari huku ukichunguza.” Katika Kiswahili, mafuta ni ya kupikia, ya taa, ya kupaka mwilini, ya kuendeshea chombo, na ya kulainishia vyuma. Dereva anayesimama kituoni akasema “natia mafuta”, anatia petroli. Basi kwa msomaji huyo, sentensi hii yamruhusu kuendesha chombo kinachodondosha petroli karibu na injini ya moto. Nilipomsomea fundi mmoja wa gereji ya mtaani kwetu, aliweka spana chini akauliza, “Mafuta yapi, dada?” Sikuwa na jibu, kwa kuwa kijitabu hakikunipa. Ilhali neno oili limo vinywani mwa watu wote wa kazi hiyo, nalo halina utata.

Dosari ya pili ni neno kizibo, ambalo limebebeshwa mizigo mitatu. Kwanza ni bolti iliyo chini ya injini, inayofunguliwa ili kumwaga oili ya zamani. Pili ni gasketi, yaani bapa jembamba linalowekwa baina ya vipande viwili vya injini visivyozunguka, ili maungio yake yasipitishe kitu. Tatu ni sili, yaani pete ya mpira inayoikumbatia shafti inayozunguka, kama ile iliyo nyuma ya gurudumu dogo la meno la cheni. Vitu hivi vitatu havifanani kwa umbo, kwa kazi, wala kwa bei. Msomaji aliyeambiwa “badili kizibo” atauziwa kitu ambacho hakuhitaji, na oili itaendelea kutoka.

Dosari ya tatu ni kwamba kitenzi kuvuja kimetumika peke yake toka mwanzo hadi mwisho. Nakala ya asili ilitofautisha viwango vitatu, na kila kiwango kilikuwa na ushauri wake. Hapa mtafsiri hakupungukiwa na lugha, aliisahau tu. Injini yaweza kulowa kidogo: hiyo hufutwa na kuangaliwa siku kwa siku. Oili yaweza kutona: hiyo yahitaji matengenezo ya karibu. Yaweza kuchuruzika: hapo injini izimwe mara moja. Kulowa, kutona na kuchuruzika ni maneno yetu wenyewe, anayajua hata mtoto aliyewahi kulala chini ya paa bovu.

Dosari ya nne ni ya maana, wala si ya istilahi, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Kijitabu chasema: “Tafuta mahali palipolowa zaidi.” Nakala ya asili ilisema mahali pa juu kabisa palipolowa. Oili huteremka kwa uzito wake, na chombo kikiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo mahali palipolowa zaidi kwa kawaida huwa chini na nyuma, mbali na chanzo. Mtafsiri amempeleka msomaji mahali oili inapoishia badala ya inapoanzia.

Si haki kubomoa bila kujenga. Napendekeza kifungu hicho kisomeke hivi:

“Zima injini, uiache ipoe. Simamisha pikipiki wima, kisha pima kimo cha oili kwa kijiti chake, kwani oili iliyozidi hutafuta pa kutokea, aghalabu kwenye mrija wa kupumulia. Osha injini, ikaushe, nyunyiza poda kwenye maungio yake. Iwashe kwa dakika chache, ukitazama. Mahali pa juu kabisa ambapo poda italowa ndipo penye chanzo. Pakiwa kwenye bolti ya kumwagia oili, badili washa yake, na ukaze kwa kiasi: bodi ya injini ni ya alumini, nyuzi zake hukatika upesi. Pakiwa kwenye maungio ya vipande visivyozunguka, badili gasketi. Pakiwa kwenye shafti inayozunguka, badili sili.”

Najua baadhi ya wasomaji watasema kwamba sili na gasketi ni maneno ya kigeni, na kwamba sili tayari ni jina la mnyama wa baharini, tena ni ukanushi wa kula. Hoja hiyo yastahili jibu. Injini, petroli, breki na spana nayo yalikuja na vyombo vyake, na leo hakuna anayeyauliza pasipoti. Ama kuhusu utata, hakuna fundi atakayemtafuta mnyama ndani ya injini. Lakini mafuta na petroli hukaa katika chombo kimoja, na hapo ndipo utata unapounguza. Si kila neno la gereji lafaa kusanifishwa. Lifaalo ni lile linalotenganisha kitu na kitu, ambalo wenye kazi wamekwisha kukubaliana juu yake.

Nakiri pia kwamba lawama hii haimhusu mtafsiri peke yake. Sisi wa kazi ya istilahi tumezoea kumpa mwombaji neno moja mkabala wa neno moja, bila maelezo ya kitu chenyewe wala picha yake. Anayepewa kizibo bila kuambiwa ni kizibo cha nini atakitumia popote penye tundu. Yafaa basi kila orodha ya ufundi iwe na maelezo mafupi ya kila istilahi, na kabla haijapitishwa isomwe kwa sauti gerejini, mbele ya watu watakaoitumia.

Fundi yule alisikiliza kifungu kipya hadi mwisho. Hakusifu wala hakukosoa. Aliinama, akapangusa ubavu wa injini iliyokuwa mbele yake, akaelekeza kidole juu ya bolti aliyokuwa akiikaza tangu asubuhi, akasema, “Basi hii siyo. Ni gasketi ya hapa juu.”