Kuba Isiyokuwapo

Katika kanisa la Mtakatifu Ignasio jijini Roma kuna kuba ambayo haikujengwa kamwe. Anayeingia huiona mbele yake, ina kina na giza lake, nguzo zimepanda kuelekea kileleni. Ni turubai. Limetandazwa bapa, upana wake takribani mita 17, na aliyelichora mwaka 1685 ni Andrea Pozzo, bruda wa Kijesuiti mzaliwa wa Trento.

Picha inayoangukia nyuma ya jicho haina kina. Ina juu na chini, kushoto na kulia, basi. Kina hutengenezwa na ubongo. Kwa vitu vya karibu ubongo una msaada mkubwa: macho mawili yaliyoachana takribani sentimita 6, kila moja likikiona kitu kwa pembe yake. Charles Wheatstone alilithibitisha hilo mwaka 1838 kwa vioo viwili na michoro miwili bapa iliyogeuka kuwa umbo nene mbele ya mtazamaji. Lakini dari ikiwa juu sana, picha za macho yote mawili hukaribia kufanana, na msaada huo hufifia. Hapo ubongo hutazama mistari inavyosogeleana, nguzo zinavyopungua unene, kivuli kimeangukia wapi na kipi kimezibwa na kipi, kisha hukata shauri.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Kairo, alikwisha kuyaandika haya katika karne ya 11, kwenye Kitab al-Manazir: mengi tunayodhani tumeyaona kwa jicho tumeyakisia kwa akili, tena haraka mno hata hatujitambui tukikisia. Kitabu chake kilifika Italia kwa Kilatini, na maarifa yake yakawafikia mafundi. Pozzo alikuja baadaye sana, urithi huo ukiwa umeshazoeleka mikononi mwa wachoraji.

Hata hivyo, dari ndefu ya kanisa hilohilo, aliyoimaliza mwaka 1694, ndiyo inayonifanya nimwamkie Pozzo shikamoo. Dari hiyo imepinda, na mstari ulionyooka ukichorwa juu ya kitu kilichopinda hupinda nao. Njia yake aliieleza katika kitabu chake mwenyewe: tandaza wavu wa nyuzi chini ya dari, weka taa pale litakapokuwa jicho la mtazamaji, kisha fuata vivuli vya nyuzi vinavyoanguka juu. Mwanga usipofika, vuta uzi kutoka hapo penye taa, uupitishe kwenye wavu mpaka darini. Sasa mfikirie fundi aliye juu ya jukwaa, shingo kaigeuza. Nguzo anazozichora, kwa macho yake mwenyewe, zimepotoka kabisa. Hana budi kuziamini nyuzi, kwa kuwa anachora kwa ajili ya ubongo wa mtu aliyesimama chini. Sijui kazi nyingine ya mkono inayodai unyenyekevu wa namna hiyo.

Sakafuni kuna duara la marumaru linaloonyesha pa kusimama. Ukisogea kando, nguzo huanza kuinama. Wapo waliomlaumu kwa kuchagua kituo kimoja tu. Pozzo hakuomba radhi, nami namuunga mkono, maana vituo vingi vingeivunja mistari na ubongo ungeing'amua hila papo hapo. Wasanifu majengo nao walimkosoa kwamba nguzo za kuba alizichora zimekaa juu ya mawe yaliyochomoza tu ukutani. Anasimulia kwamba rafiki yake mchoraji alijitolea kulipia hasara yote endapo mawe hayo yatalemewa. Wajenzi wazima, wanahofia uzito wa rangi!

Kuujua ukweli hakusaidii. Ukishaambiwa ni turubai utaendelea kuona kuba, kwa kuwa ubongo unapokadiria kina haungoji ruhusa yako.

Kama Roma ni mbali, tafuta picha nzuri ya barabara ndefu au ya safu ya milima. Ziba jicho moja, uitazame kwa utulivu. Kina kitaongezeka, kwa sababu macho mawili kwa pamoja ndiyo yaliyokuwa yakiuarifu ubongo kwamba karatasi ni bapa.