Choki ya Umeme na Choki ya Mkono: Kabureta ya Solex Kwenye Miinuko ya Kilimanjaro

Mnamo Agosti 1960 kampuni ya Volkswagen ilianza kufunga kwenye gari lake dogo lenye mgongo wa kobe kabureta ya Solex 28 PICT, ambayo choki yake haikuhitaji tena kuvutwa kwa mkono kutoka kwenye dashibodi, bali ilijifunga na kujifungua yenyewe kwa springi iliyopashwa moto na umeme. Kwa hiyo fundi wa leo anayeing'oa choki hiyo na kuweka waya wa kuvuta habuni jambo jipya, kwani anaurudisha mpango ambao gari lilikuwa nao kabla ya mwaka huo. Kazi yenyewe inaonekana nyepesi, maana mfuniko wa choki umeshikwa na skrubu tatu tu, lakini gari lililobadilishwa kwa haraka huweza kuwa baya kuliko lilivyokuwa, kwa sababu choki ya umeme ilikuwa na kazi tatu, ilhali waya uliowekwa mahali pake mara nyingi huachiwa moja.

Injini iliyokwisha kupata moto huchoma vizuri sehemu moja ya petroli kwa takriban sehemu 15 za hewa, kwa uzito. Injini baridi haiwezi kuridhika na kipimo hicho, kwa kuwa petroli nyingi hubaki matone yanayoganda kwenye kuta za manifoldi, yaani bomba linalogawa mchanganyiko kwa silinda, na ni mvuke mdogo tu unaofika kwenye plagi. Dawa yake ni kilango chembamba kilichowekwa kwenye mdomo wa kabureta: kikifungwa, pistoni hunyonya hewa kidogo na mafuta mengi, na mchanganyiko huwa mzito. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya choki. Kazi ya pili huanza mara tu injini inapowaka, kwa sababu wakati huo kilango kilichofungwa kabisa kingeizamisha injini katika petroli, hivyo nguvu ya kunyonya kutoka kwenye manifoldi huvuta pistoni ndogo au, katika matoleo ya baadaye, kiwambo cha mpira, na kilango hufunguka upenyo mdogo. Kazi ya tatu ni kupandisha silensa, jina ambalo mafundi huupa mwendo wa injini inayonguruma bila pedeli ya mafuta kukanyagwa, na kazi hii hufanywa na kipande chenye ngazi kilichofungwa kwenye mhimili wa kilango, ambacho hukizuia kilango cha chini, kile kinachoendeshwa na pedeli, kisirudi mpaka mwisho. Ndiyo maana dereva wa gari la aina hii hutakiwa kukanyaga pedeli mara moja kabla ya kuwasha, kwani bila kufanya hivyo kipande hicho hubaki kimebanwa na skrubu ya silensa na choki haijifungi.

Kiungo kinachoongoza yote haya ni springi ya metali mbili, yaani utepe wa metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti, uliokunjwa kama koili na kuwekwa karibu na waya wa kupasha moto. Funguo ikizungushwa, umeme hupita, utepe hujikunjua, na kilango hufunguka katika dakika chache. Hapa pana kosa la kawaida ambalo kulirekebisha hakuhitaji choki ya mkono: magari ya zamani yaliyokuwa na umeme wa volti 6 yakibadilishwa kuwa ya volti 12 bila kubadilisha kipasha-moto cha choki, kipasha-moto hicho hupata joto kupita kiasi na mwishowe huungua, na kile cha volti 12 kikiwekwa kwenye umeme wa volti 6, choki hukawia kufunguka, gari likabaki linatoa moshi mweusi njia nzima.

Mazingira ya Kilimanjaro huifichua kasoro ya asili ya mpango huu. Gari linaloondoka Soweto, mjini Moshi, alfajiri ya kipupwe, likapita Himo na kupanda Marangu hadi kwenye lango la hifadhi, huanza mahali palipo juu kidogo ya mita 800 kutoka usawa wa bahari na kumaliza zaidi ya mita 1,800. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 10, na kabureta yenye jeti zisizobadilika, yaani matundu ya mafuta yenye kipimo kimoja, huzidisha uzito wa mchanganyiko kwa takriban nusu ya kiwango hicho. Springi ya choki haijui habari za mwinuko, kwani inachopima ni joto tu. Tena inapima joto lake yenyewe wala si la injini: gari likizimwa sokoni kwa nusu saa, kipasha-moto hukosa umeme na springi hupoa upesi katika ubaridi wa mlimani, ilhali silinda bado zina moto. Dereva akiwasha tena, choki humpa petroli ambayo injini haiitaki. Hilo likirudiwa kila kituo, plagi hushika masizi, petroli huosha oili kwenye kuta za silinda, na oili iliyo chini ya injini huwa nyepesi. Katika matumizi ya namna hii, ya kusimama na kuondoka kwenye kijiji baada ya kijiji, choki ya mkono ina hoja yenye nguvu.

Hata hivyo, si kila ugonjwa wa asubuhi ni wa choki. Petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto kutoka kwenye metali ya kabureta, na penye ukungu na manyunyu, kama ilivyo kwenye ukanda wa migomba na wa msitu mwezi Julai, unyevu wa hewa huweza kuganda barafu karibu na kilango cha chini hata kama nje hakuna dalili ya barafu. Waundaji waliliona tatizo hilo wakaweka bomba jembamba linalopitisha moshi wa ekzosi chini ya manifoldi ili kuipasha moto. Bomba hilo likiziba kwa masizi, injini hukosa silensa na kusitasita kwa muda mrefu baada ya kuwashwa, na choki ndiyo inayosingiziwa. Kipimo chake ni rahisi: baada ya injini kufanya kazi kwa dakika kadhaa, pande zote mbili za bomba hilo ziwe za moto. Upande mmoja ukiwa baridi, kuzibua bomba ndiyo kazi inayotakiwa, na kubadilisha choki ni kupoteza fedha.

Mageuzi yanapoamuliwa, mfuniko na springi huondolewa, na waya wa umeme uliokuwa ukilisha kipasha-moto hukatwa na kufunikwa. Katika matoleo yenye vali ndogo ya umeme inayofungua njia ya mafuta ya silensa, tahadhari inahitajika, kwani vali hiyo hupata umeme kutoka kwenye koili kama choki. Fundi akiinyima umeme huo, injini huzima kila mguu unapoachia pedeli. Mfuniko mpya huwa na mkono wa kuvutwa na waya. Mkono huo ukikibana kilango moja kwa moja, nguvu ya kunyonya ya manifoldi haiwezi kukifungua injini inapowaka, na kazi ya pili ya choki imekufa. Kwa hiyo lazima pawe na springi laini kati ya mkono na kilango, na kiwambo kiachwe mahali pake kikiwa kizima. Kipande chenye ngazi nacho kibaki, kikizunguka pamoja na mkono, la sivyo dereva atalazimika kuishikilia silensa kwa mguu huku akingoja injini ipate moto.

Ugumu wa pekee wa gari hili ni kwamba injini iko nyuma. Waya wa choki lazima upite urefu wote wa gari, na mirija iliyokuwa ikiupitisha katika magari ya kabla ya Agosti 1960 haimo katika yaliyotoka na choki ya umeme. Waya mrefu wenye kona kali hukwama, na choki iliyokwama nusu ni mbaya kuliko isiyofunga kabisa, kwa kuwa hula petroli kimyakimya. Land Rover Series IIA na III za petroli, zenye injini mbele na waya mfupi, zilikuwa na kinga ambayo inafaa kuigwa: swichi ya joto kwenye silinda hedi huwasha taa ya rangi ya kaharabu kwenye dashibodi injini inapokuwa imepata moto huku choki ikiwa bado imevutwa. Kwenye injini ya Volkswagen, inayopozwa kwa hewa, swichi ya namna hiyo haiwezi kuwekwa kwenye maji, lakini inaweza kufungwa mahali inapopata joto la oili, ikaunganishwa na swichi ya pili inayojifunga choki inapovutwa.

Marekebisho ya mwisho hufanywa kisafisha hewa kikiwa kimeondolewa. Kitufe kikisukumwa mpaka mwisho, kilango kisimame wima kabisa kinapotazamwa kutoka juu, na waya uachiwe ulegevu wa milimita mbili au tatu, kwa sababu mwili wa gari na injini haviyumbi pamoja kwenye barabara za mawe, na waya uliokazwa sana huivuta choki wakati dereva hajaigusa.