Sifa ya Vazi la Robota

Katika fani zilizokosa wa kuzisifu, fani ya kulivika robota la pamba inastahili kutangulizwa. Kwani pamba ikishatoka kinuni haina ganda wala ngozi, hushika vumbi, hunywa maji, huwaka kwa cheche moja, na salama yake yote imo mikononi mwa mfungaji.

Sisi wa Voi tu majirani wa reli tangu mwisho wa karne ya 19, na pamba ya Uganda, ambayo mbegu zake mmisionari Borup alizisambaza mwanzoni mwa karne ya 20, ilipita chini ya vilima vya Taita ikishuka Kilindini, ikapakiwe merikebuni kwenda Bombay na Liverpool. Masafa hayo yote, amana ya mkulima ilihifadhiwa na nguo nyepesi na mikanda ya chuma.

Itazame kazi yenyewe: mfungaji hutandika nguo ndani ya sanduku la shinikizo, pamba ikamiminwa na kushindiliwa, nguo ya juu ikafunika, mikanda ikapitishwa na kukazwa shinikizo lingali limebana, kisha mshoni akatwaa shazia akaziba pembe na mbavu, maana mshono mmoja uliolegea ndio mlango wa vumbi na mvua.

Lakini adabu kuu ya fani hii ni kuichagua nguo. Gunia la juti lina nguvu, ila huacha nyuzi zake ndani ya pamba. Na za plastiki ni mbaya zaidi, kwani hazishiki rangi, na aghalabu hudhihirika kitambaa kikishafumwa na kutiwa rangi, hasara imekwisha kutimia. Hata mkonge, fahari yetu ya Mwatate na Voi, haufai kuikaribia pamba, kwa kuwa singa chache za gunia lake zatosha kulitia jora ila. Ndiyo maana wajuzi huihimiza nguo ya pamba, ili uzi wake ukikatika ukazama ndani, uwe umeingia kwa jamaa zake.

Mlinzi, basi, hapimwi kwa nguvu peke yake, bali pia kwa athari anayoiacha juu ya alichokilinda. Wenye vinu wa Kenya wanaoitakia pamba yetu bei njema na wamlipe vema mshoni wa robota, wampe na nguo safi, kwa maana mnunuzi wa ng'ambo hatalitia machoni shamba letu kamwe. Atatuhukumu kwa robota alifunguapo.