Ukwapi na Utao wa Swichi

Weka kidole kwenye swichi ya ukutani, ile nyeupe ya plastiki iliyoanza kupata rangi ya maziwa mgando kwa kushikwashikwa. Usibonyeze bado. Egemeza kidole tu, kisha ongeza uzito kidogo kidogo. Mwanzoni inakubali, inashuka laini. Halafu inagoma. Unaongeza nguvu, nayo inazidi kugoma, mpaka mahali fulani ambapo hujui kama umeishinda au imechoka yenyewe, inafyatuka. Ta! Kidole kimeachwa nyuma.

Hiyo “ta” naisoma kama ninavyosoma mshororo. Mshororo wa shairi la kimapokeo una vipande viwili, ukwapi na utao, mara nyingi mizani nane kwa nane, na kina cha kati kinachokupa nafasi ya kuvuta pumzi. Swichi nayo ina vipande viwili, ila urari huo haina. Ukwapi wake ni mrefu na ni wangu: mimi ndiye ninayesukuma, naweza kusita, naweza hata kurudi nyuma. Utao ni mfupi mno na si wangu kabisa. Ni wa springi. Jaribu kuifyatua polepole uone. Utaikaribia taratibu upendavyo, lakini kuvuka itavuka kwa kasi yake yenyewe.

Mtu angedhani mlio ule umewekwa kutufurahisha. Sababu yake ni moto. Umeme unapokatwa, vipande viwili vya chuma huachana, na cheche hutaka kuruka lile pengo. Vikiachana kwa uvivu, cheche hurefuka, ikala chuma na kuunguza swichi. Mwaka 1884, huko Newcastle, Uingereza, John Henry Holmes alibuni swichi inayoachanisha vipande hivyo ghafla, mkono uwe mwepesi au mzito. Kwa maneno mengine, springi ipo kwa sababu kidole hakiaminiki. Na utamu, kwa maoni yangu, unatoka humo humo: tumeanza kazi, tukanyang'anywa katikati, na ikamalizwa vizuri kuliko ambavyo tungeimaliza sisi.

Lugha yetu imeliona jambo hili nusu. Kubonyeza kuna undugu na kubonyea, kuingia ndani kama shavu la embe lililoiva. Kubofya nako ni kwa vidole vya mnunuzi anayepima tunda. Kuminya ni kutoa kitu, dawa ya meno au usaha. Vitenzi vyote vitatu vinaishia kwenye ukwapi. Utao tumeuazimia neno kwenye mitego na bunduki: kufyatuka.

Vitufe vya redio kaseti ni utungo wa bahari nyingine. Ukibonyeza kile cha kucheza, hakuna springi inayokupokea mzigo njiani. Nguvu ya kidole chako ndiyo inayoisogeza hedi mpaka iguse utepe. Ndiyo maana kilikuwa kizito, na ndiyo maana watoto tulitumia kidole gumba. Kikishuka hunasa, kikabaki chini kama mtu aliyeketi. Kile cha kurekodi, chenye alama nyekundu, kilikuwa na masharti: kwenye mashine nyingi hakikukaa mpaka ukibonyeze pamoja na cha kucheza, vidole viwili kwa mpigo mmoja. Na kama kile kijino cha plastiki nyuma ya kanda kilishavunjwa, kitufe hakishuki hata ukipande kwa goti. Hapo uliziba kitundu kwa karatasi iliyokunjwa, ukafuta taarabu ya shangazi ukajirekodi unakohoa. Kisha kitufe cha kusimamisha: unakigusa, na wenzake wote walioketi wanainuka kwa pamoja, kro! Hicho ndicho kituo cha ubeti, mshororo unaowakusanya wenzake.

Sasa linganisha na Fidget Cube, kijisanduku cha kuchezea vidole ambacho mwaka 2016 kilichangiwa zaidi ya dola milioni 6 kwenye tovuti ya michango, Kickstarter. Kina nyuso sita: swichi hapa, vitufe vitano pale, vitatu vyenye mlio na viwili vya kimya kwa wanaokaa na watu wenye hasira. Nimekishika. Springi zake ni safi, mlio ni mkavu, huwezi kukilaumu kwa ufundi. Lakini ni ubeti uliojaa vina tupu. Kidole kinavuka na ng'ambo hakuna kitu, hakuna taa wala kanda inayozunguka. Baada ya dakika kumi nilikuwa nikikibofya kama mtu anayealisha vidole. Cha kimya, hata hivyo, nilikipenda: kinaonyesha kwamba mlio si lazima, ngozi peke yake inatosha kujua kwamba kitu kimefyatuka.

Kuna hali moja ambamo hata swichi ya ukutani inafyatuka na ng'ambo hakuna kitu, nayo ni umeme ukikatika. Nyumba za kwetu, kwa desturi tuliyorithi kwa Waingereza, swichi ikilala chini taa imewaka. Ila gizani nani anakumbuka? Unapita koridoni unaipiga kwa mazoea, ta, haijibu. Unarudi unaipiga tena, ta. Mwanao naye anapita. Mama mkwe anapita na mshumaa, naye haachi kuipiga. Mlio siku hiyo ni mkubwa kuliko kawaida, kwa kuwa feni imenyamaza na friji pia. Mnalala. Saa nane za usiku koridoni kunawaka ghafla, nyumba nzima inafumbua macho, na ndipo mnajua wa mwisho kupita aliiacha wapi.