Maneno ya Kiingereza Yaishiayo kwa "-dom"

Tumeona orodha za maneno ya Kiingereza ziwafundishazo vijana kwamba neno liishialo kwa "-dom" ni jina la nchi. Hatuzikubali. "Kingdom" yaweza kuwa nchi ya mfalme, naam. Lakini "freedom" ni uhuru, na "wisdom" ni hekima, na ni nani aliyepata kusafiri mpaka nchi ya hekima? Zamani kipande hiki kilikuwa neno kamili, maana yake hukumu. Lingalipo leo kwa sura ya "doom", ingawa limegeuka kuwa maangamizi. Likitiwa nyuma ya neno jingine hutaja hali au mamlaka, kama sisi tutangulizavyo u-: mfalme, ufalme. Hata "Christendom", ambalo siku hizi hutajwa kwa nchi za Wakristo, kwa Waingereza wa kale lilikuwa Ukristo wenyewe.

Hasara yaonekana katika Sala ya Bwana. Neno la Kiyunani ambalo William Tyndale alilifasiri "kingdom" katika Agano Jipya la mwaka 1526 lataja kwanza kutawala kwa mfalme, ndipo nchi yake. Kijana mwenye orodha ile huomba aletewe nchi, wala hajui kwamba ameomba atawaliwe.