Lugha ya Vipimo vya Kumbukumbu na Mzee wa Nakalale

Kipimo cha akili anachopewa mzee na daktari ni matini. Kina mtunzi, kina hadhira iliyokusudiwa na mtunzi huyo, na kina mazingira kilimozaliwa. Hivyo si haki kuwaachia matabibu peke yao kazi ambayo takriban yote ni ya lugha. Viwili ndivyo vilivyoenea sana. Cha kwanza ni kile cha Folstein na wenzake (1975), kilichotungwa Marekani. Cha pili ni cha Montreal, kilichochapishwa na Nasreddine na wenzake mwaka 2005. Kila kimoja kina alama 30. Katika hicho cha pili, apataye chini ya 26 hutiliwa shaka, na aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezwa alama moja. Alama moja! Mtu ambaye hakuketi darasani hata siku moja amewekwa fungu moja na aliyemaliza shule ya sekondari. Ni kweli kwamba toleo la wasiosoma lilitolewa baadaye, lakini kipimo cha asili ndicho kinachojulikana zaidi.

Mzee wa Nakalale, Turkana Kaskazini, akipelekwa Lodwar au Kakuma kwa sababu ameanza kusahau, na akapimwa kwa kipimo cha Folstein, hukutana mapema na swali la majira. Waturkana huugawa mwaka sehemu mbili kubwa: akiporo, wakati wa mvua, na akamu, wakati wa ukame. Mgawanyo huo hufuata mvua yenyewe, haufuati kalenda. Mvua zikikosa kunyesha mwezi wa Aprili, mzee anayejibu kwamba ni akamu amesema kweli tupu. Karatasi inayongojea neno "masika" itamhesabia kosa.

Kiswahili nacho, ambacho huenda daktari akadhani kuwa ndicho daraja la kumvukia mzee, kina mitego yake. Kipimo cha Montreal humtaka mtu achore saa inayoonyesha dakika kumi baada ya saa tano. Kwa Kiingereza namba itajwayo ni 11, na mshale mfupi huelekea 11. Kwa Kiswahili neno litamkwalo ni "tano", ilhali mshale hauna budi kuelekea 11. Mswahili amezoea kugeuza hivyo tangu utotoni. Mzee aliyejifunza Kiswahili sokoni ataweka mshale kwenye 5, naye atakuwa ametii alichosikia.

Mfano ulio mzito zaidi ni ule wa herufi. Katika kipimo hichohicho mtu hutakiwa kutaja kwa dakika moja maneno yanayoanza na F. Kwa Kiingereza herufi ya kwanza kwa kawaida ni sehemu ya mzizi. Kwa Kiswahili, nomino nyingi huanza na kiambishi cha ngeli, hivyo uchaguzi wa herufi ni uchaguzi wa ngeli: ukichagua M umemfungulia mtu ghala zima. Kwa Kiturkana hali ni ngumu zaidi, kwani kama alivyoeleza Dimmendaal (1983), nomino hubeba viambishi vya jinsia: ekile ni mwanamume, aberu ni mwanamke, ikoku ni mtoto. Swali la herufi E, basi, lingepima sarufi ya jinsia ya kiume, wala lisingepima wepesi wa akili. Tafsiri sahihi ya swali hili haipo. Lililopo ni kuliacha. (Picha tatu za wanyama katika kipimo hicho ni simba, kifaru na ngamia. Hapo tu ndipo mzee wa Nakalale anapomshinda mzee wa Montreal.)

Watafiti waliofanya kazi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, waliliona tatizo hili, wakatunga kipimo kiitwacho IDEA. Kina alama 15. Mzee hutaja wanyama badala ya herufi, hupanga njiti za kiberiti badala ya kushika kalamu, hukumbuka orodha ya maneno kumi, na huulizwa siku ya juma, jina la kiongozi wa kijiji, na maana ya daraja. Hii ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo Hai si Turkana. Kule milimani mito hutiririka na daraja ni jambo la kila siku. Penye laga, mtu huvuka mchanga mkavu, au hungoja maji yapungue. Mfugaji ahamaye na adakar yake humjua vizuri kiongozi wa adakar hiyo, na huenda asimjue yule ambaye serikali inamtaka amtaje.

Wako watakaosema mzee na aulizwe basi rangi za ng'ombe wake, au kama yeye ni Ngimor au Ngirisae. Pendekezo hilo lapendeza masikioni lakini ni dhaifu. Ugonjwa wa kusahau kwa kawaida huanza kwa kuharibu kumbukumbu mpya, na hayo aliyoyajua tangu ujana hudumu muda mrefu. Kipimo kama hicho kingempa mgonjwa cheti cha uzima, naye angerudishwa nyumbani bila msaada. Orodha ya maneno kumi haina budi kubaki. Linalotakiwa ni kwamba maneno hayo yawe ya Kiturkana, yalingane kwa urefu na kwa mazoea, na yasomwe na mtu mzima aijuaye lugha. Kazi hiyo mara nyingi huachiwa mjukuu aliyemsindikiza. Mjukuu akisikia babu amekwama hunong'ona jibu, kwani kumwacha mkubwa aaibike mbele ya mgeni si adabu. Alama zinazoandikwa hapo ni za watu wawili, na daktari asiyejua Kiturkana hana njia ya kuzitenganisha.